UZI: Porky alimshika vipi mkono bosi wake mwaka 1940? Hakukuwa na kompyuta

Kalamu ya Mkaa
Salamu wakuu. Kuna katuni fupi ya Warner Bros. iliyotoka tarehe 18 Mei 1940, You Ought to Be in Pictures. Ni nyeusi na nyeupe, inazidi dakika 9 kidogo. Kisa chake ni studio yenyewe: saa ya chakula imefika, wachoraji wanatoka mbio, meza zinabaki tupu. Picha ya bata Daffy ukutani inapata uhai, inaanza kumjaza nguruwe Porky maneno. Kwamba katuni si kazi, aende akacheze filamu za watu, dola 3,000 kwa wiki, acheze na nyota wa filamu Bette Davis. Porky anaingia ofisini kwa Leon Schlesinger, mwenye studio hasa, mtu wa damu na nyama amekaa nyuma ya meza yake. Anaomba mkataba uvunjwe. Wanaagana kwa kupeana mkono.

Swali langu ni huo mkono tu. Vidole vya mtu na vidole vya mchoro vinakutana mbele ya macho yako. Mimi nadai ni rotoskopu. Mwenye hoja tofauti aweke hapa.

Fundi Negativu
Rotoskopu hapana, mkuu. Rotoskopu ya Max Fleischer, aliyopewa hataza mwaka 1917, kazi yake ni kumgeuza mtu kuwa mchoro: unarusha fremu ya filamu chini ya kioo, unafuatisha mwili kwa penseli, fremu moja baada ya nyingine. Mwisho wa kazi mtu hayupo, upo mchoro unaotembea kama mtu. Hapa Schlesinger amebaki Schlesinger, na suti yake.

Njia waliyotegemea ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Pale ambapo hakuna mtu anayesogea, walipiga picha ya kawaida ya ofisi, wakaikuza, wakailaza chini ya kamera ya katuni mahali pa mandhari ya kuchora. Juu yake wakaweka Porky kwenye shiti ya seluloidi, yaani plastiki angavu ya kuchorea, kama siku zote. Kwa kamera, picha ya meza na mchoro wa meza ni kitu kimoja: karatasi iliyolala chini ya shiti.

binti_mtondoo
Nakubaliana kwa ofisi tupu na ile meza ya mchoraji. Lakini kwenye mkono bosi anasogea. Picha moja haitoshi pale.

Fundi Negativu
Sawa kabisa. Hapo unakuza kila fremu. Filamu inakwenda fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo tukio la sekunde 3 ni picha 72 za karatasi. Porky mwenyewe unaweza kumchora kila baada ya fremu mbili, michoro 36, lakini picha za bosi haziruki hata moja, la sivyo atatembea kwa kushtuka. Sekunde 20 tu za mtindo huo ni picha 480. Ndiyo maana matukio ya mtu na mchoro kugusana ni mafupi, na mengi yaliyobaki wanazungumza kwa zamu: kata kwa bosi peke yake, kata kwa Porky peke yake juu ya picha iliyotulia.

Mzee wa Mkunguni
Hii ni kazi ya mwongozaji Tex Avery, mtundu yule.

binti_mtondoo
Si Avery, mzee wangu. Ni Friz Freleng. Alikuwa ameondoka mwaka 1937 kwenda studio kubwa ya MGM, akarudi kwa Schlesinger 1939. Wengine wanaisoma hadithi yote kama kisa chake mwenyewe: Porky anakwenda kwa wakubwa, anarudi nyumbani.

Mzee wa Mkunguni
Nimesahihishwa. Shukrani binti.

Lenzi Chafu
Naleta maelezo ya tatu. Kuna njia ya filamu mbili kukaa pamoja ndani ya mlango mmoja wa kamera. Hatua zake:

Kwanza unachora Porky wote na kuwapaka rangi. Pili, unapiga shiti zilezile kwa namna ya kupata kivuli chake tu, kiziba cheusi juu ya filamu angavu. Tatu, unanakili filamu ya ofisi huku kiziba kimelalia juu yake. Mahali alipo Porky mwanga haupiti, panabaki tundu ambalo halijaguswa. Nne, unarudisha filamu nyuma hadi fremu ileile ya mwanzo, unampiga Porky juu ya kitambaa cheusi, anaingia kwenye tundu lake.

Hapo huhitaji hata picha moja ya karatasi. Ukiwa na sekunde 20, kazi yote inafanywa na mashine.

Fundi Negativu
Na inapoharibika unajua mara moja, maana mhusika anazungukwa na ukingo mweupe au mweusi kama amekatwa kwa mkasi. Filamu za naitreti za wakati huo zilisinyaa zikikauka. Kiziba kikisinyaa hata kidogo kuliko filamu ya ofisi, tundu na mchoro havilingani tena. Tazama Porky kwenye ofisi: ukingo wake ni safi. Kwangu huo ni ushahidi wa karatasi.

Lenzi Chafu
Ukingo safi unaweza pia kuwa ushahidi wa maabara nzuri. Warner walikuwa nazo.

Kalamu ya Mkaa
Kwa hiyo tuna karatasi, na tuna kiziba. Nani ana jicho la kutofautisha?

Chembechembe
Angalieni chembe za filamu, vile vidoadoa vidogo vya filamu yenyewe. Picha iliyotulia ina chembe zilizoganda: doa lililo kwenye kona ya dirisha linakaa palepale fremu ya 1 hadi ya 100. Filamu hai chembe zake zinachemka kama uji, hakuna fremu inayofanana na jirani yake. Tafuta nakala nzuri ya nyeusi na nyeupe (ile iliyotiwa rangi baadaye iache, rangi inafunika kila kitu), simamisha, sogeza fremu mojamoja, kodolea ukuta wa nyuma usio na kitu. Ukuta ukiganda ni picha moja. Ukichemka ni filamu, au ni picha nyingi mfululizo.

Fundi Negativu
Kipimo kizuri, ila kina tundu. Kamera ya katuni nayo inatumia filamu yenye chembe zake. Hata picha iliyoganda itachemka kidogo kwa chembe za juu. Unachotafuta ni tabaka mbili: chembe kubwa zilizoganda chini, ndogo zinazochemka juu.

Kipimo kingine ni mtetemo. Karatasi ya picha inaingia kwenye maji ya dawa, inavimba, ikikauka inasinyaa, na haisinyai sawa kwa urefu na kwa upana. Picha 72 zikisinyaa kila moja kivyake, ukiziweka kwenye vigingi vya meza ya kamera, vile vinavyoshika karatasi isihame, ukuta mzima unatetemeka huku Porky, ambaye yuko kwenye shiti isiyolowa maji, ametulia. Dawa yake ni kutoboa matundu ya vigingi baada ya karatasi kukauka, kwa kufuata alama iliyo ndani ya picha yenyewe, mfano kona ya meza. Ukitoboa kabla, umeumia.

binti_mtondoo
Ongeza mng'ao. Karatasi ya kung'aa chini ya kioo cha kukandamizia inarudisha taa moja kwa moja kwenye lenzi. Inatakiwa karatasi isiyong'aa, taa mbili zikae pembeni kwa nyuzi 45. Na picha ichapwe laini, ya kijivu zaidi ya unavyopenda kwa macho, kwa sababu ukiipiga picha mara ya pili weusi unazidi kuwa mweusi na weupe unapauka. Ukichapa picha inayopendeza mezani, kwenye skrini suti ya bosi inageuka shimo.

Lenzi Chafu
Hilo la weusi linanisaidia mimi, binti. Kiziba kinanakili filamu kwa filamu, hakipiti karatasini.

binti_mtondoo
Kunakili filamu kwa filamu nako kunapandisha weusi. Hakuna njia ya bure.

Kibatari
Wengine tunauliza swali dogo: walimchoraje Porky asionekane amebandikwa? Mimi namwona amesimama mezani kweli.

Chembechembe
Ni kijivu. Katuni ile imepakwa kwa ngazi za kijivu, na kila shiti inapunguza mwanga kidogo kwa kilicho chini yake. Shiti tatu juu ya picha, ofisi imeingia giza. Ukiondoa moja katikati ya tukio, ofisi inawaka ghafla. Kwa hiyo idadi ya shiti inabaki ileile mwanzo hadi mwisho wa tukio, hata kama moja ni tupu, haina mchoro. Halafu kijivu cha Porky kinachaguliwa kulingana na tabaka analokaa. Shati lilelile likishuka tabaka moja linapakwa rangi nyeupe zaidi.

Kingine ni kivuli cha miguuni. Mhusika asiye na kivuli anaelea. Na kivuli lazima kifuate taa ya ofisi. Kama dirisha liko kushoto, huwezi kuweka kivuli kushoto.

Fundi Negativu
Na macho, Kibatari. Hili ndilo kubwa kuliko yote, na halina mashine. Schlesinger anapoongea na Porky hakuna kitu pale mezani, anaongea na hewa. Akiangalia sentimita 20 juu zaidi ya kichwa cha nguruwe, kazi yote imekwisha. Suluhisho la kawaida ni fimbo yenye alama kwa urefu wa macho ya mhusika, mwigizaji anafanya mazoezi akiitazama, kisha fimbo inaondolewa kamera ikianza. Kamera nayo imefungwa, haigeuki wala kusogea, maana ikisogea mchoraji inabidi asogeze kila mchoro kwa kipimo hicho.

Mzee wa Mkunguni
Walt Disney ndiye baba wa haya mambo, na yule msichana wake Alice.

binti_mtondoo
Disney alianza Alice mwaka 1923, na pale ujanja ulikuwa kinyume: mtoto halisi ndani ya ulimwengu wa michoro. Walimpiga mbele ya pazia jeupe ili michoro ipate nafasi ya kukaa. Fleischer alikuwa ametangulia na Koko, mchekeshaji wa kuchora anayetoka kwenye chupa ya wino. Na Winsor McCay mwaka 1914 alikuwa anasimama jukwaani na mjeledi, anaongea na dinosaria wake Gertie kwenye skrini. Kwa hiyo ubaba una wagombea wengi, mzee wangu.

Mpanda Ngazi
Fleischer analeta maelezo ya nne ambayo wote mmeyaruka. Walikuwa na mashine ya kurusha fremu ya filamu hai, moja moja, kutokea nyuma, juu ya kioo cha ukungu. Mbele ya kioo unaweka shiti ya mchoro, unapiga fremu, unasogeza filamu hai fremu moja, unabadilisha shiti, unapiga tena. Hakuna karatasi ya kutetemeka, hakuna kiziba cha kusinyaa. Kwa nini Schlesinger asingetumia hiyo?

Fundi Negativu
Kwa sababu ilikuwa mashine ya Fleischer, na Schlesinger hakuwa mtu wa kutoa pesa. Bajeti za katuni zake zilibanwa. Mtu aliyeanza na kampuni ya kuandika maandishi ya filamu, Pacific Title, mwaka 1919, alijua senti inakwenda wapi. Sehemu kubwa ya filamu hai humo ilipigwa bila sauti kabisa. Hiyo peke yake inakwambia walivyokuwa wanabana.

Mpanda Ngazi
Kurusha picha nyuma ya kioo kulikuwa jambo la kawaida Hollywood nzima miaka ile, kila tukio la ndani ya gari. Haikuhitaji kuazima kwa Fleischer.

Kalamu ya Mkaa
Subirini. Kama haikuwa na sauti, yule mlinzi wa getini anayemzuia Porky anaongeaje? Ni Mel Blanc, mtoa sauti za katuni, ndiye yule?

binti_mtondoo
Sauti ni ya Mel Blanc, mwili ni wa Michael Maltese, mwandishi wa hadithi pale studio. Anayeagiza ukimya kwenye seti ni Gerry Chiniquy, mchora katuni. Anayemrusha Porky nje ni Henry Binder, msaidizi wa Schlesinger. Yaani ofisi nzima iliingizwa kazini. Sauti zao karibu zote alizifanya Blanc baadaye. Aliyebaki na sauti yake ni Schlesinger.

Kibatari
Kumbe mmoja anawasemea wote, kama wale wa kutafsiri filamu kwenye mabanda ya video!

Chembechembe
Tofauti ni kwamba wa bandani anaongea juu ya filamu, midomo haimhusu. Blanc alitakiwa akae ndani ya midomo ya Maltese. Herufi zinazokamata ni p, b na m: midomo lazima ifunge. Ukiweka b mahali mdomo uko wazi, mtazamaji anajua hata kama hajui anajua nini. Vokali zinasamehe, unaweza kuchelewa fremu 2 na asione mtu. Unachukua kipande, unakifunga kiwe kitanzi kinachojirudia, unakisikiliza na kukitazama mpaka pumzi yako na yake ziwe moja, ndipo unarekodi.

Mpanda Ngazi
Mimi naona walinzi na wafanyakazi wale wamewekwa mbali na kamera, au pembeni, ili midomo isichunguzwe. Hiyo ni dawa ya bei rahisi kuliko kitanzi.

Chembechembe
Mlinzi ana picha za karibu, tena kadhaa. Rudi utazame pale Porky anapopita amevaa kama mchekeshaji Oliver Hardy, mlinzi anasalimu kwanza halafu ndipo anashtuka.

Ngoma ya Pili
Wakuu mmezungumza picha tupu, muziki mmeuacha. Jina la katuni limetoka kwenye wimbo wa mwaka 1934 wa Dana Suesse na Edward Heyman. Carl Stalling, mtunzi wa muziki wa katuni hizo, alikuwa na desturi hiyo: jina la wimbo linachekesha kabla hujausikia. Na Warner walinunua makampuni ya kuchapisha muziki mwaka 1929, kwa hiyo kabati la nyimbo lilikuwa lao.

Sasa angalieni tukio la seti ya wacheza densi. Kila mtu anaambiwa anyamaze, muziki unaanza, Porky ananyemelea, chafya inamjia. Kichekesho chote kiko kwenye lini. Na lini hapo haikukisiwa. Mkurugenzi anapanga tukio juu ya mistari ya muziki kabla hakijachorwa chochote: pigo moja la ngoma linachukua fremu ngapi? Fremu 12 kwa pigo ni mapigo 100 kwa dakika, fremu 8 ni mapigo 180. Chafya unaiweka pale sikio linapotegemea pigo la kwanza la mstari unaofuata.

Lenzi Chafu
Hesabu, mkuu. Dakika ina fremu 1,440. Gawanya kwa 12 unapata 120, si 100. Hiyo 180 ni sahihi.

Ngoma ya Pili
120, ahsante kwa kunirekebisha. Fremu 10 ni 144. Ukitaka 100 kamili huipati kwa fremu nzima, 14 inakupa 102 na ushee. Ndiyo maana orkesta ilicheza na vidonoo masikioni, tik tik tik, kila mpigaji anasikia kidonoo kwenye fremu iliyokubaliwa. Stalling ni mmoja wa waliouanzisha mtindo huo. Bila vidonoo, wapiga vinanda wanavuta kidogo kwenye sehemu tamu, na ukifika mwisho wa dakika muziki umechelewa nusu sekunde, fremu 12. Chafya imeshapita, ngoma ndiyo inaingia.

Mpanda Ngazi
Lakini seti ile ni ya watu halisi. Huwezi kumchora mcheza densi upya afuate fremu 12. Kwa hiyo kwenye tukio hilo muziki ulifuata picha, si picha kufuata muziki.

Ngoma ya Pili
Au walikata. Ukiwa na filamu ya watu, unapunguza fremu 5 hapa, unarefusha kwa kukata kwenda kwa Porky pale. Uso wa Porky unaouchora ndio mpira wa kuvuta. Freleng huyuhuyu mwaka uliofuata alifanya katuni ya Rhapsody in Rivets, jengo zima linajengwa kwa kufuata muziki wa Liszt. Mtu wa aina hiyo hakubali muziki umfuate nyuma.

Mpanda Ngazi
Pale hakukuwa na binadamu hata mmoja wa nyama. Alikuwa huru.

Kibatari
Niulize la vitendo. Kuna kikundi cha wanafunzi, wana simu moja na karatasi. Wanaweza kufanya tukio la mchoro kupeana mkono na mtu? Sekunde 5 tu.

Fundi Negativu
Wanaweza. Wafanye fremu 12 kwa sekunde, jumla 60.

Simu ifungwe kwenye kitu kisichotikisika, mwanga na umakini wa lenzi vifungwe kwa mkono, visijirekebishe vyenyewe. Hilo wakilisahau, ukuta utawaka na kuzima. Wasitegemee jua la dirishani, linahama. Wafunge pazia, wawashe taa moja pembeni. Mwigizaji aifanye ishara polepole, mkono ukae hewani ukishika kitu chenye unene wa mkono wa mchoro, mfano soksi iliyojazwa, hadi vidole vizoee, kisha soksi itoke na apigwe bila soksi. Asipozoea atakunja ngumi.

Chapeni picha 60, kila moja na namba nyuma. Toboeni matundu mawili yanayolingana kwa kufuata kona moja ya meza inayoonekana kwenye picha zote. Mchoro uwe kwenye karatasi za plastiki angavu zenye matundu hayohayo. Michoro 30 inatosha, kila mmoja ukae kwa picha mbili, isipokuwa wakati mikono imeshikana: hapo chora kila picha, la sivyo mkono wa mchoro utateleza ndani ya mkono wa mtu.

binti_mtondoo
Na kidole gumba. Kwenye mkono, kidole gumba cha mtu kinapita juu ya mkono wa mchoro, na vidole vinne vya mchoro vinapita juu ya mkono wa mtu. Shiti iko juu ya picha, kwa hiyo kila kilichochorwa kinafunika kila kilichopigwa. Mchoro lazima ukomee kwenye ukingo wa kidole gumba, kama umeingia chini yake. Mchoraji anaweka shiti juu ya picha, anafuata ukingo huo kwa penseli, anapaka hadi pale na si zaidi.

Kalamu ya Mkaa
Basi kwenye hilo kidole gumba rotoskopu yangu imerudi! Kufuatisha ukingo wa mtu fremu kwa fremu ni nini?

Fundi Negativu
Ni kufuatisha ukingo, mkuu. Nakupa nusu.

Lenzi Chafu
Kwa kiziba ni uleule ufuatishaji. Bado haijaamua kati yetu.

Chembechembe
Nimesogeza fremu mojamoja sasa hivi. Ukuta ulio nyuma ya kichwa cha Schlesinger wakati wa mkono unachemka, haujaganda. Kwa hiyo picha moja imetoka kwenye mashindano. Imebaki karatasi nyingi, kiziba, au kioo cha Mpanda Ngazi.

Mpanda Ngazi
Kioo cha ukungu kina dalili yake: katikati pana mwanga kuliko pembeni. Linganisha kona za fremu kabla Porky hajaingia na baada.

Chembechembe
Nakala niliyonayo kona zimekatwa. Mwenye nakala pana aangalie kona ya juu kushoto, ndipo turudi hapa.